Muuguzi Mtanzania na Viza ya Kazi ya Uingereza: Milango Mitatu Ambayo Wakala Hawezi Kumfungulia

Na Mwandishi Wetu

Kila inaposikika kuwa hospitali za Uingereza zinahitaji wauguzi kutoka nje, makundi ya mitandao ya kijamii hapa nchini hujaa matangazo yenye ahadi ya viza kwa malipo ya awali. Wapo wauguzi wanaoshawishika kuuza shamba, kukopa kwenye vikoba au kuacha ajira serikalini kwa kuamini kwamba fedha hizo zimekwisha kuwafungulia njia. Makala haya yanaeleza utaratibu halisi ulivyo, mamlaka zinazohusika, gharama zinazofahamika na mahali ambapo mwananchi anapaswa kuwa na tahadhari.

Jambo la msingi la kufahamu ni kwamba hakuna hati moja inayoitwa viza ya uuguzi ambayo mtu anaweza kuinunua na kuondoka nayo. Muuguzi aliyesomea nje ya Uingereza hupita katika milango mitatu. Wa kwanza ni usajili wa taaluma, wa pili ni ajira yenye udhamini, na wa tatu ni viza yenyewe. Kila mlango una mamlaka yake, na kufaulu katika mmoja hakumpi mtu haki ya kupita katika mwingine.

Tanzania iko wapi katika kanuni za ajira za Uingereza

Kabla ya kufikia milango hiyo, kuna kanuni ambayo Watanzania wengi hawaifahamu. Mwezi Mei 2010, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha Kanuni za Kimataifa za Uajiri wa Watumishi wa Afya, kwa lengo la kuzuia nchi tajiri kuzipunguzia nchi zenye uhaba watumishi wachache zilionao. Kwa msingi huo, Shirika la Afya Duniani (WHO) hutoa orodha ya nchi zinazopaswa kulindwa na kusaidiwa. Orodha ya mwaka 2023 ina nchi 55, na Tanzania ni miongoni mwake, pamoja na majirani zetu Uganda, Rwanda, Burundi, Msumbiji, Malawi, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Vigezo vilivyotumika ni viwili. Kwanza, idadi ya madaktari, wauguzi na wakunga ikijumlishwa iwe chini ya wastani wa kati wa dunia, ambao ni watumishi 49 kwa kila watu 10,000. Pili, kipimo cha upatikanaji wa huduma za afya kwa wote kiwe chini ya alama 55. Kwa maneno mengine, nchi iliyomo katika orodha hiyo inawahitaji wauguzi wake kwa kiwango ambacho dunia imekubaliana kukiheshimu.

Uingereza imeiingiza orodha hiyo katika mwongozo wake wa kuajiri watumishi wa afya kutoka nje, na kuiita orodha nyekundu. Mwongozo huo unawataka waajiri wa sekta ya afya na ustawi wa jamii, pamoja na mawakala wao, wasifanye uajiri wa makusudi katika nchi zilizomo. Uajiri wa makusudi maana yake ni kutangaza nafasi zikiwalenga wakazi wa nchi hizo, kuendesha usaili huko, au kumtumia wakala kutafuta na kuwakusanya wauguzi.

Hata hivyo, mwongozo huo haumnyimi muuguzi mmoja mmoja haki ya kutafuta kazi. Mtanzania aliyeona nafasi iliyotangazwa kwa watu wote anaweza kuomba mwenyewe, moja kwa moja kwa mwajiri, na mwajiri anaweza kumfikiria kama waombaji wengine. Mpaka kati ya hali hizi mbili ni mtu wa kati. Mwombaji anapojiombea mwenyewe yuko ndani ya utaratibu. Wakala anapomtafuta akiwa nchini na kumpeleka kwa mwajiri, wakala huyo anakwenda kinyume na mwongozo.

Hali ya Kenya ni tofauti, na tofauti hiyo imewachanganya wengi. Mwezi Julai 2021, Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya ushirikiano kuhusu watumishi wa afya, na baadaye mwaka huo Kenya iliwekwa katika orodha ya manjano, ambayo huruhusu uajiri kwa masharti ya makubaliano hayo tu. Kwa hiyo, tangazo halali linalowahusu wauguzi wa Kenya haliwahusu Watanzania, hata kama limesambazwa kwa Kiswahili na kufika Arusha, Tanga au Mwanza.

Mlango wa kwanza: Usajili wa taaluma

Mamlaka inayosajili wauguzi na wakunga nchini Uingereza ni Baraza la Wauguzi na Wakunga la nchi hiyo, linalofahamika kwa kifupi NMC. Usajili wa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania (TNMC) hauhamishiki wenyewe kwenda huko. Ni ushahidi wa lazima, lakini hautoshi peke yake.

Mwombaji huanza kwa kufungua maombi mwenyewe katika tovuti ya NMC na kuonesha kuwa mafunzo yake yalimwezesha kusajiliwa kuwa muuguzi au mkunga nchini mwake. NMC huthibitisha taarifa hizo kwa kuwasiliana moja kwa moja na mamlaka iliyomsajili. Ndiyo maana muuguzi ambaye leseni yake ya TNMC imekwisha muda, au ambaye majina yake yanatofautiana kati ya cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na pasipoti, hukwama mapema. Kurekebisha kasoro hizo kabla ya kulipa ada yoyote ni hatua ya busara.

Sharti la pili ni lugha. Kwa mtihani wa IELTS wa kitaaluma, NMC inahitaji wastani wa alama 7.0, ikiwa ni 7.0 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na angalau 6.5 katika kuandika. Mtihani wa OET, ambao umeandaliwa kwa ajili ya watumishi wa afya, nao unakubalika, kwa daraja B katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na C+ katika kuandika. Tangu mwaka 2023 mwombaji anaweza kuunganisha matokeo ya mitihani miwili aliyoifanya ndani ya miezi 12, ilimradi hakuna alama iliyoshuka chini ya kiwango kilichowekwa kwa utaratibu huo. Ahueni hii ni kubwa kwa wale wanaokosa nusu alama katika kipengele kimoja.

Sharti la tatu ni mtihani wa uwezo wenye sehemu mbili. Sehemu ya kwanza, CBT, hufanyika kwa kompyuta na inaweza kufanywa nje ya Uingereza katika vituo vya Pearson VUE. Ina maswali 15 ya hesabu za dawa na vipimo yanayojibiwa kwa dakika 30, na maswali 100 ya taaluma yanayojibiwa kwa saa mbili na nusu. Sehemu ya pili, OSCE, ni mtihani wa vitendo wenye vituo 10, ambamo muuguzi hutathmini mgonjwa, hupanga huduma, huitekeleza na kuipima, na huonesha stadi mbalimbali mbele ya watahini.

Mtihani huu wa vitendo hufanyika Uingereza tu, katika vituo vya Northampton, Oxford, Leeds, Northumbria na Ulster. Hapa ndipo penye jambo linalopaswa kueleweka vyema: muuguzi husafiri kabla hajakamilisha usajili. Mwajiri humpokea, humpatia kazi ya ngazi ya chini ya muuguzi aliyesajiliwa huku akijiandaa, na masharti ya viza humtaka afanye jaribio la kwanza la OSCE ndani ya wiki 12 tangu kuanza kazi na akamilishe usajili ndani ya miezi 8. Majaribio yanayoruhusiwa kwa ombi moja ni matatu. Anayeshindwa yote matatu hulazimika kusubiri miezi sita, na kusubiri huko kunaweza kuvuka muda ambao viza inamruhusu. Muuguzi anayeondoka nchini bila maandalizi ya kweli ya stadi za vitendo huwa anahatarisha kazi na ukaazi wake kwa pamoja.

Mlango wa pili: Ajira na hati ya udhamini

Aliyefaulu lugha na CBT bado hana haki ya kusafiri. Anahitaji mwajiri ambaye Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza imempa leseni ya kudhamini wafanyakazi wa kigeni. Orodha ya waajiri hao iko wazi kwa umma katika tovuti ya serikali ya Uingereza, na mtu yeyote anaweza kuisoma bila malipo. Nafasi nyingi za hospitali za umma hutangazwa katika tovuti ya NHS Jobs, ambako mwombaji hujiandikisha mwenyewe na kufanya usaili kwa njia ya mtandao.

Mwajiri akiridhika, humtolea mwombaji hati ya udhamini. Hati hii ni kumbukumbu ya kielektroniki yenye namba maalumu, ikieleza kazi, mahali pa kazi, mshahara na tarehe ya kuanza. Mwombaji hutakiwa kuitumia kuomba viza ndani ya miezi mitatu tangu itolewe. Kwa kuwa hutolewa kwa mtu mmoja, kwa kazi moja, kwa mwajiri mmoja, mtu anayedai kuwa na hati za udhamini za kuuza anadai kitu ambacho utaratibu haukitambui.

Wapo pia wauguzi wanaoshauriwa kuanza kwa kazi za kuwatunza wazee majumbani na baadaye kubadilisha kwenda uuguzi. Ushauri huo umepitwa na wakati. Tangu tarehe 22 Julai 2025, Uingereza haipokei tena maombi mapya ya viza kutoka nje kwa wahudumu wa ustawi wa kundi hilo. Mlango wa wauguzi wenye sifa umebaki wazi, lakini njia ya kuzunguka kupitia kazi za uhudumu imefungwa. Yeyote anayeendelea kukusanya fedha kwa ajili ya njia hiyo anawauzia watu safari isiyokuwapo.

Mlango wa tatu: Viza

Viza inayohusika ni ile ya watumishi wa afya na huduma za ustawi, iliyoanzishwa mwezi Agosti 2020. Inaweza kutolewa kwa kipindi cha hadi miaka mitano, ina ada iliyo chini ya ile ya wafanyakazi wengine wenye ujuzi, na mwenye nayo amesamehewa tozo ya huduma za afya ambayo wahamiaji wengi hutozwa. Muuguzi anaruhusiwa kuombea viza mwenza wake na watoto, na kila mmoja hulipiwa ada yake.

Pamoja na hati ya udhamini, mwombaji kutoka Tanzania huambatisha cheti cha kipimo cha kifua kikuu kutoka kliniki iliyoidhinishwa na Uingereza, ambacho hudumu miezi sita. Huambatisha pia cheti cha tabia njema kutoka Jeshi la Polisi, na kutoka kila nchi nyingine aliyoishi kwa miezi 12 au zaidi katika miaka 10 iliyopita. Aidha, huonesha akiba ya pauni 1,270 iliyokaa benki kwa siku 28, isipokuwa kama mwajiri amethibitisha katika hati ya udhamini kwamba atamgharamia mwanzoni. Uamuzi kwa waombaji walio nje ya Uingereza kwa kawaida hutolewa ndani ya wiki tatu baada ya alama za vidole na nyaraka kupokelewa.

Viza hii imefungwa kwa mwajiri aliyeidhamini. Muuguzi anayetaka kuhamia kwa mwajiri mwingine hutakiwa kupata hati mpya ya udhamini na kuomba upya kabla ya kuanza kazi huko. Ajira ikikoma, kwa kawaida mamlaka humpa siku 60 kutafuta mdhamini mwingine au kuondoka. Kwa sababu hiyo, mkataba wa ajira unapaswa kusomwa wote kabla ya kutiwa saini, kwa kuwa unabeba kazi na ukaazi kwa pamoja.

Gharama: Nani analipa nini

Ada za NMC kwa muuguzi aliyesomea nje zimekuwa pauni 140 za tathmini ya sifa, pauni 83 za CBT, pauni 794 za OSCE na pauni 153 za kuingizwa katika rejesta. Jumla ni pauni 1,170, ambazo ni zaidi ya shilingi milioni 3, kabla ya kuhesabu mtihani wa lugha, pasipoti, kipimo cha kifua kikuu, viza na nauli. Ada hizi hupangwa upya mara kwa mara, hivyo kila mwombaji anapaswa kuzihakiki katika tovuti ya mamlaka husika siku anayolipa.

Waajiri wengi wa hospitali za umma hulipia OSCE, viza na nauli, au hurejesha baadhi ya gharama hizo. Zipo gharama ambazo mwajiri haruhusiwi kuzihamishia kwa mfanyakazi, ikiwamo tozo ya ujuzi inayolipwa kwa serikali ya Uingereza kwa ajili ya mfanyakazi wa kigeni na, tangu mwisho wa mwaka 2024, ada ya hati ya udhamini. Vilevile, sheria ya mawakala wa ajira ya Uingereza ya mwaka 1973 inakataza wakala kumtoza mtafuta kazi ada ya kumtafutia kazi.

Baadhi ya mikataba huwa na kipengele kinachomtaka muuguzi kurejesha gharama akiacha kazi mapema. Kipengele hicho si haramu chenyewe, lakini mwongozo wa Uingereza unataka kiwe wazi, kiwe na uwiano na gharama halisi, na kizingatie sababu ya mtu kuondoka. Muuguzi anayo haki ya kuuliza kwa maandishi, kabla ya kutia saini, ni kiasi gani atadaiwa akiondoka baada ya miezi 6, baada ya mwaka 1 na baada ya miaka 2, na kiasi hicho hupungua vipi. Jibu lililoandikwa humlinda pande zote mbili za bahari.

Dalili za udanganyifu

Kwa kuzingatia utaratibu uliokwisha kuelezwa, mwananchi anaweza kuupima wito wowote anaoupokea. Ajihadhari hasa pale anapoona yafuatayo:

• Anaahidiwa viza kabla ya mtihani wa lugha na CBT.
• Anatakiwa kulipia hati ya udhamini au nafasi ya kazi.
• Malipo yanaelekezwa kwenye namba ya simu ya mtu binafsi.
• Barua ya kazi inatoka katika anwani ya barua pepe ya bure, au jina la mwajiri halimo katika orodha ya wenye leseni ya udhamini.
• Anaombwa kukabidhi vyeti halisi au pasipoti vikae kwa mtu wa kati.
• Anaambiwa kuna mtu wa kumfanyia mtihani. Kughushi matokeo huweza kumfungia mtu usajili wa NMC, na taarifa hizo zinaweza kufikishwa TNMC.

Hapa nchini, Sheria ya Taifa ya Kukuza Huduma za Ajira, Sura ya 243, inamtaka wakala binafsi wa ajira awe amesajiliwa na kupewa leseni. Mwananchi anayetaka kujua kama wakala anatambulika anapaswa kuuliza ofisi ya kazi iliyo karibu naye kabla ya kutoa fedha au nyaraka. Kwa upande wa Zanzibar, masuala haya yanashughulikiwa na mamlaka za kazi za huko. Aliyekwisha kutapeliwa atoe taarifa polisi mapema, akiwa na stakabadhi za miamala na mawasiliano yote, kwa sababu kufuatilia fedha huwa kugumu kadiri siku zinavyopita.

Wajibu kabla ya kuondoka

Muuguzi aliye katika utumishi wa umma anapaswa kuondoka kwa kufuata taratibu, ama kwa kibali cha likizo bila malipo au kwa kujiuzulu kwa notisi. Kuondoka kimya ni utoro kazini, kosa la kinidhamu linaloweza kumgharimu pale mwajiri mpya anapoomba taarifa zake au siku atakapotaka kurejea. Mnufaika wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu anaendelea kudaiwa akiwa ng'ambo, hivyo ni vyema akapanga na Bodi namna ya kurejesha kabla ya kusafiri. Ahakikishe pia leseni yake ya TNMC inaendelea kuwa hai, kwa kuwa ndiyo itakayomrejesha wodini siku atakaporudi nyumbani.

Upo pia upande wa pili wa suala hili, unaomhusu hata mwananchi asiye na nia ya kusafiri. Zahanati inayobaki na muuguzi mmoja zamu ya usiku ndiyo sababu ya nchi yetu kuwamo katika orodha ya nchi 55. Haki ya muuguzi kutafuta maisha bora na haki ya mama mjamzito kumkuta muuguzi zahanati zote ni haki halali, na kanuni za kimataifa zimejaribu kuzitunza zote mbili kwa kuuacha uamuzi mikononi mwa muuguzi mwenyewe na kuwazuia wanaofanya biashara ya kuwakusanya.

Wauguzi wanaokusudia kuomba wanashauriwa kuanza na hatua tatu zisizohitaji wakala: kuhakiki leseni na majina yao TNMC, kusoma masharti katika tovuti ya NMC, na kupima kiwango chao cha lugha. Atakayekamilisha hayo atakuwa amejua, kabla ya kutumia fedha nyingi, kama mlango wa kwanza unaweza kufunguka kwake.